Mficha Uchi Hazai: Lakini Nani Amemwuliza Mama Mkimbizi?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi halipati nafasi siku ya kliniki. Tunalisema kwa kina mama na kwa waume zao, kwa wauguzi na wakunga, kwa viongozi wa jumuiya zetu, na kwa wote wanaowahudumia wakimbizi hapa milimani, Kasulu na Kibondo.

Siku ya kliniki kina mama hujipanga kwenye benchi mapema, ukungu ukiwa bado haujaondoka. Zamu ya mama ikifika, hupimwa uzito, hupimwa presha, hutolewa damu, hupimwa mkojo. Mkunga hupapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya mtoto. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya SP ya kukinga malaria na chandarua. Kisha anaulizwa, "Unajisikiaje, mama?" Naye anajibu, "Salama." Anaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine.

Kazi hiyo ni njema, nayo imeokoa wengi. Hatuibezi hata kidogo. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu tumekaa na kina mama wa namna hiyo baada ya kliniki, njiani na kwenye vivuli vya miti, tukasikia kilichokuwa nyuma ya neno lile "salama". Yupo aliyekuwa hajalala vizuri kwa wiki tatu. Yupo aliyekuwa akitamani asiamke kesho. Yupo aliyebeba mimba ambayo hakuitaka wala hakuitafuta, na ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote ilivyopatikana.

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Tunapenda kuitumia methali hiyo kumlaumu mwanamke: kwa nini hakusema? Sisi tunadhani lawama hiyo haimhusu yeye peke yake. Katika chumba cha kujifungulia mwanamke hufunua mwili wake kwa sababu kuna mlango unaofungwa, kuna mkunga anayemwamini, na anajua kwamba akifunua atasaidiwa. Kwa mambo ya moyoni, mlango uko wapi? Mkunga ni nani?

Basi msimamo wetu ni huu. Kumwuliza mama habari za moyo na mawazo yake kuwe sehemu ya kawaida ya kliniki, wakati wa mimba na baada ya kujifungua, kama ilivyo kupima presha. Na anayeuliza kwanza si lazima awe daktari.

MAMA HUYU NI NANI?

Tukisema "mkimbizi" tusifikirie mtu aliyefika jana. Wapo Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengine walikuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, nchi ikaingia vitani. Wakongomani wa Kivu ya Kusini walivuka ziwa mwaka 1996, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2015 ghasia zilipozuka tena Burundi, watu walijazana Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kikawakuta huko huko, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua kwenda Kigoma mjini. Mwaka huo huo Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya.

Hesabu miaka hiyo, ndugu msomaji, utaona maisha ya mwanamke mmoja. Msichana aliyezaliwa katika kambi ya Mtabila, Kasulu, mwaka 1995, alikulia hapo. Kambi ilipofungwa Desemba 2012 alikuwa na miaka 17. Akarudishwa katika nchi ambayo hakuwahi kuiona. Miaka mitatu baadaye akakimbia tena, safari hii akiwa na mimba ya kwanza. Mama yake alimzaa ukimbizini, naye akazaa ukimbizini. Hatuzungumzi juu ya mtu mmoja tunayemjua kwa jina. Tunazungumza juu ya njia iliyopitiwa na wengi.

Tena wako ambao hawamo katika orodha ya kambi yoyote. Ni wanawake waliovuka mpaka kutafuta kibarua cha kulima, au walioolewa vijijini kwetu bila kuwa na karatasi. Mama wa namna hii hujifungulia nyumbani kwa kuogopa kwamba akifika zahanati ataulizwa uraia wake kabla ya kuulizwa uchungu ulianza saa ngapi.

TUMBO NA MOYO NI VYA MTU MMOJA

Kati ya Februari na Septemba 1998, wataalamu walichunguza habari za uzazi katika kambi ya Mtendeli, ambayo siku zile ilihesabiwa Kibondo, kabla Kakonko haijawa wilaya. Waliyoyaona yanatisha. Katika kila vizazi 1,000, watoto kama 46 walikufa tumboni. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kama 29 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alizaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo mbili na nusu. Vifo vya watoto wachanga pamoja na vya kina mama kwa ajili ya uzazi vilikuwa asilimia 16 ya vifo vyote kambini kwa kipindi hicho. Mama aliyeugua malaria mara tatu au zaidi katika mimba yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Namba hizo zilisaidia kuonyesha wapi pa kukaza: malaria, lishe, huduma ya mtoto mchanga. Lakini hebu tuzisome kwa upande mwingine. Kila mtoto katika hesabu ile ana mama aliyerudi chini ya turubai mikono mitupu. Siku ya tatu maziwa yalimjaa, na mtoto hayupo. Jirani wa kushoto alikuwa na kichanga kinacholia usiku kucha. Je, nani alimtembelea mama huyo? Nani alimweleza kwamba mtoto hakufa kwa sababu yeye alibeba kuni au alikula vibaya? Mara nyingi hakuna. Miezi michache baadaye alishika mimba nyingine, akarudi kliniki, akapimwa tumbo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100, na karibu kina mama 20 kati ya 100 waliojifungua, hupata maradhi ya akili, hasa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Hao ni kina mama kwa jumla, pamoja na wasiokimbia vita. Mama aliyekimbia ana sababu nyingi zaidi.

Maradhi haya hayakai kichwani tu. Mama mwenye sonona hukosa hamu ya kula, na kilichomo tumboni hukosa pia. Husahau vidonge. Haoni faida ya kwenda kliniki. Akiona damu au kichwa kikimwuma sana, hujiambia, "Liwalo na liwe." Mtoto akizaliwa, mama humnyonyesha huku akitazama pembeni, na siku ya chanjo humpita. Mtoto anadhoofu, anaharisha mara kwa mara, nasi tunampeleka kwenye lishe bila kumtazama mama aliyembeba.

Majirani zetu wana majina ya hali hizi. Warundi husema *ihahamuka* kwa mtu ambaye hofu ya mambo aliyoyaona bado inamshtua kana kwamba yanatokea sasa. Husema *akabonge* kwa huzuni inayomfanya mtu ajitenge na kukosa nguvu ya jambo lolote. Anayejua Kiha hahitaji safari ndefu kuelewa lugha ya Mrundi. Ugonjwa wenye jina hauhitaji kugunduliwa upya. Unahitaji mtu wa kuuliza kwa jina lake.

MZIGO UNATOKA WAPI?

Wengi hudhani kwamba mawazo ya mkimbizi yanatoka vitani tu, na kwamba muda ukipita yatapoa. Sivyo. Mengine huzaliwa huku huku.

La kwanza ni kuni. Chakula cha mgao ni mahindi na maharage au mbaazi, na maharage hayaivi kwa moto wa majani. Kuni ziko mbali, porini, na wanaozifuata ni wanawake na wasichana. Wako waliokwenda kwa kuni wakarudi wamebakwa. Mama akiisha kupatwa na hilo, kila jioni anapotazama jiko analikumbuka.

La pili ni mgao wenyewe. Mwaka 2017 na tena mwaka 2023 chakula cha mgao kilipunguzwa kwa kukosekana fedha za wafadhili. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini mgeni huyu jembe hana pa kulipiga, maana hana shamba, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Mume anayeshinda bila kazi huona aibu, aibu humgeuka hasira, na hasira humwangukia mke. Hatusemi hivyo ili kumtetea anayempiga mkewe. Tunasema ili ajulikane kwamba naye anahitaji kusemeshwa kabla hajainua mkono.

La tatu ni habari za kurudi. Tangu Septemba 2017 maelfu wamerudishwa Burundi, na Mtendeli ilifungwa Desemba 2021. Kurudi nyumbani ni jambo jema kwa aliye tayari. Lakini mama aliye na mimba ya miezi minane, anayesikia leo hivi na kesho vile, halali usingizi. Hajui atajifungulia wapi, wala kama aliyenunua shamba la marehemu mume wake atamwachia hata mahali pa kujenga.

La nne tunalitaja mwisho, ingawa pengine ndilo kubwa kuliko yote: hakuna mama wa kumwangalia mama. Huku kwetu mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na mzazi hapiki wala hateki maji. Mama yake au mama mkwe huja, humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji, humbebea mtoto ili alale. Warundi nao wana *guhemba*, ndugu na majirani kumwendea mzazi na vinywaji na zawadi. Ukimbizini mama mzaa mama amekufa, au amebaki ng'ambo, au yuko kambi nyingine. Mzazi huamka siku ya pili akapanga foleni ya maji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mzazi huyu hana mzazi mwenzake wa kuujua pamoja naye.

TULIKWISHA KUANZA HAPA HAPA

Wako watakaosema kwamba kusikilizana ni mambo ya Ulaya. La hasha. Mwaka 1997, katika kambi ya Kanembwa, Kibondo, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji iliwahoji maelfu ya wanawake wa Kirundi wa miaka 12 hadi 49. Takriban robo yao, asilimia 26, walisema kwamba tangu wawe wakimbizi wamefanyiwa ukatili wa kijinsia. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mwanamke wa Kirundi hawezi kulisema jambo kama hilo mbele ya mtu. Walilisema, kwa sababu waliulizwa kwa heshima. Kazi iliyofuata iliwafundisha wanawake wa kambini wenyewe kuwapokea wenzao, kuwasikiliza na kuwafikisha kwenye matibabu. Ilifanyika Kibondo, si mbali.

Wengine nao wametuonyesha kwamba njia hii inafaa kwa sonona. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mazito. Matokeo ya utafiti wao yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, kati ya watu 100 waliokaa na mabibi, 14 tu walibaki na dalili za sonona, kati ya 100 waliopata huduma ya kawaida, walibaki 50. Vijijini Pakistan, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulihusu kina mama waliokuwa na sonona tangu wakiwa na mimba, nao walitembelewa na wahudumu wa afya wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Watoto walipofikisha miezi sita, kina mama 23 kati ya 100 walikuwa bado na sonona, na kati ya wale ambao wahudumu wao hawakupewa mafunzo hayo walikuwa 53.

Mabibi tunao. Benchi tunalo, ni lile lile la kliniki.

WANAOTUPINGA

Wapo wauguzi watakaotuambia, "Mna maneno mazuri, lakini mimi peke yangu nina kina mama sitini tangu asubuhi." Ni kweli, na tunawaonea huruma. Ndiyo maana tunasema asiwe muuguzi. Kina mama wanangoja saa tatu au nne kwenye benchi. Muda huo ndio wa mama mtu mzima aliyefundishwa kukaa nao, na kumpelekea muuguzi wale wachache tu wanaohitaji zaidi.

Wapo wanaosema, "Ukimwuliza utatonesha donda." Donda lililofungwa na usaha ndani haliponi kwa kufunikwa. Anayetonesha ni yule anayeuliza kwa udadisi, mbele za watu, kisha akaondoka. Anayeuliza kwa upole, faraghani, na akakubali jibu la "sitaki kusema leo", hatoneshi.

Wapo wanaosema, "Hayo ni mapepo, apelekwe akaombewe." Sisi ni watu wa sala, nasi hatumzuii mtu kusali. Lakini hatumwambii mwenye kifafa cha mimba asali tu akae nyumbani. Tunamkimbiza hospitali huku tukisali. Na iwe hivyo hivyo kwa mwenye maradhi ya akili.

Na wapo ndugu zetu wa vijijini wanaonung'unika, "Kila kitu wakimbizi." Tunalielewa neno hilo, maana misitu imekatwa, na umaskini wetu tunaujua. Lakini jambo hili si la wakimbizi peke yao. Mama wa Kiha ambaye mumewe amekwenda kulima tumbaku Tabora asirudi, naye ana mtoto mchanga na halali. Kwa miaka mingi hospitali za kambini zimewatibu pia wanavijiji wa jirani, na Hospitali yetu ya Kabanga imewapokea wagonjwa wa kambini. Wodi ya wazazi haijawahi kuwa na kitanda cha Kirundi na kitanda cha Kiha. Benchi la kusikilizana nalo liwe moja.

NAMNA YA KUULIZA

Kwanza tafuta faragha. Mume, mama mkwe na mtoto mkubwa wasiwepo. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mama yake.

Usianze na vita. Anza na usingizi: "Usiku unalala? Mtoto akilala, nawe unalala?" Halafu uliza maswali mawili ambayo wataalamu wameyaona kuwa na faida: "Katika mwezi huu uliopita, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa mara kwa mara?" na "Je, mambo uliyoyapenda zamani bado yanakupa furaha, au hayana tena ladha?" Akijibu kwamba anateseka, mwulize pia kama amewahi kuwaza kujiua au kumdhuru mtoto. Usiogope swali hilo; kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humpa ruhusa ya kulitua.

Ukiisha kuuliza, nyamaza. Usimwambie "jikaze", wala "wewe afadhali, mwenzako alipoteza wote". Usimhoji habari za kubakwa kwa undani. Hiyo si kazi yako. Mwambie, "Pole, mama. Umefanya vema kuniambia. Hili halikuwa kosa lako." Kisha mwulize kitu kimoja ambacho kingempunguzia mzigo wiki hii. Mara nyingi ni kidogo kuliko tunavyodhani: mtu wa kumchotea maji siku tano, mtu wa kwenda naye kuni, mtu wa kumshikia mtoto alale mchana. Siri yake usiipeleke kwenye kikao wala kwa jirani. Siri ikitoka mara moja, benchi hilo halikaliwi tena.

Anayesema maziwa yake yameharibiwa na huzuni, mweleze kwamba maziwa hayaharibiki. Wasiwasi unaweza kuyachelewesha kutoka. Dawa yake ni kupumzika, kunywa, na kumweka mtoto titini mara kwa mara.

ASIYESUBIRI KESHO

Yapo ambayo si ya benchi, bali ya kukimbilia kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

Mjamzito au mzazi anayetoka damu nyingi, anayeumwa sana kichwa na kuona ukungu machoni, aliyevimba uso na mikono, mwenye homa kali au degedege, au asiyesikia mtoto akicheza tumboni, asingojeshwe.

Mzazi ambaye, hasa katika wiki mbili za kwanza, anaanza kusema ovyo, kusikia sauti, kutolala kabisa, au kusema mtoto si wake, ana maradhi ambayo watu huyaita kichaa cha uzazi. Si laana, nayo hutibika. Asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo anayesema atajiua.

Aliyebakwa afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI na matibabu mengine. Atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono apelekwe hapo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili yake pia, awe raia au mgeni.

TUNAYOYAOMBA

Kwa wanaosimamia kliniki za kambini na za vijijini: wekeni chumba kimoja, hata cha turubai, chenye mlango, na wachagueni kina mama watu wazima wanaojua Kirundi, Kiha, Kibembe na Kiswahili. Wapeni mafunzo, wapeni na posho. Fedha zikipungua, msianze kukata huduma hii kana kwamba ni mapambo.

Kwa wanaopanga safari za kurudi: mama mwenye mimba kubwa au kichanga aulizwe anavyotaka, na asafiri akiwa na kadi yake ya kliniki na maandishi ya kumtambulisha kwenye kituo cha afya cha huko aendako. Anayetumia dawa za akili apewe za kumtosha hadi afike kwa daktari mwingine.

Kwa watendaji wa vijiji na wauguzi wa zahanati: mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa apokelewe kwanza.

Kwa WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo: tunajua kutembelea wafiwa. Tumtembelee na mama aliyezaa mtoto mfu, ambaye msiba wake mara nyingi hauna matanga. Na mzazi asiye na mama yake, awe wa kambini au wa kijijini, tumgawane kwa zamu hadi arobaini yake iishe.

Kwa waume: nendeni na wake zenu kuni, au mwende ninyi. Hakuna aliyepungukiwa heshima kwa kubeba mzigo ambao ungeweza kumponza mkewe.

Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, ilichagua jina ambalo kwa Kirundi maana yake ni kutumaini. Matumaini ya mama hayaji kwa kuambiwa atumaini. Huanza pale anapojua kwamba yuko mtu mmoja atakayerudi kesho kumwuliza alilalaje.

Basi, wewe unayesoma ukurasa huu, kwenye kliniki ijayo mtazame aliyekaa kando yako. Msogelee, msalimie, mwulize usingizi wake. Akisema "salama", mngoje kidogo. Huenda akaendelea.